Ziandikeni Njia Zetu Kabla ya Seng'enge: Barua ya Wazi kwa Serikali ya Kaunti ya Kwale

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kwale,
Mheshimiwa Spika na Waheshimiwa Wawakilishi Wadi,
Mawaziri wa Kaunti wanaosimamia Ardhi, Barabara na Utalii.

MINTARAFU: KUPIMWA NA KUANDIKWA KWA NJIA ZA MIGUU NA BAISKELI KUTOKA BONGWE HADI GAZI NA MSAMBWENI

Waheshimiwa,

Naandika nikiwa Bongwe, katika wadi ya Gombato Bongwe, nami nina ombi moja. Tumeni wapima ardhi wa kaunti vijijini, wazipime njia ambazo watu wa huku huzipita kwa miguu na kwa baiskeli, wazitie kwenye ramani rasmi kuwa za umma, kisha asiwepo mtu wa kuziba hata moja kimyakimya. Mengine yote nitakayoyasema ni sababu za ombi hilo.

Kazi yangu ni kuongoza misafara ya baiskeli. Hukusanyika watu wa kila aina: familia kutoka Nairobi na Mombasa, wageni wa Ulaya waliofikia Diani, vijana wa Ukunda wanaokuja na baiskeli zao wenyewe. Tunatoka alfajiri na kurudi kabla ya magharibi. Nitawasimulia siku hiyo inavyokwenda, kwa kuwa asiyeijua njia hawezi kujua ni nini kinachopotea inapofungwa, na nyinyi, kwa wingi wa majukumu yenu, mara nyingi hupita huku kwa gari.

Msimu tunaoupenda ni wa kusi, kuanzia Juni, masika yakishapungua. Vumbi limelala, majani bado mabichi, machungwa yameanza kuiva. Kusi huvuma kutoka upande tunaokwenda, kwa hiyo asubuhi tunaukabili miguu ingali na nguvu, na jioni unatusukuma kurudi nyumbani. Maji nayo yana neno lake. Ikiwa maji yamekupwa alasiri, tunaweza kurudi kwa ufuo, maana mchanga ulioloweshwa na kushindiliwa na bahari hubeba gurudumu vizuri. Yakiwa yamejaa, ufuo hauna nafasi, inabidi tupite bara. Kiongozi wa msafara huuliza upepo na kuuliza maji kabla ya kumwambia mtu yeyote ajaze tairi.

Kutoka Bongwe tunashika njia za ndani kuelekea Muhaka, upande wa bara wa barabara kuu. Magharibi vinaonekana vilima vya Shimba, hifadhi ya taifa tangu 1968 na makao ya palahala, mnyama asiyepatikana mwituni kwingine kokote nchini Kenya. Njiani ni minazi, miembe, mikorosho, mashamba ya mihogo na ya bixa. Hapa ndipo mgeni anapojifunza jambo la kwanza. Barabara ya murram, ile ya magari, ina mashimo na makunyanzi, na penye mchanga magari huuchimba mpaka baiskeli inazama na mtu analazimika kushuka na kusukuma. Njia nyembamba ya miguu iliyo pembeni ni ngumu na nyororo. Imeshindiliwa na nyayo za miaka na miaka. Imepinda penye mzizi, imezunguka pale maji yanapotuama wakati wa masika, imefuata kivuli pale ambapo mtu angehitaji kivuli saa sita. Waliozitengeneza njia hizi hawakuwa na ramani wala darubini ya kupimia, lakini walijua nchi.

Na njia hizo hazikosi watu. Kabla hatujafika mbali tumeshampisha muuza maji aliyefunga mitungi mitano ya lita 20 kwenye baiskeli yake. Hizo ni kilo 100 za maji peke yake. Hapandi, anaisukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mzigo. Tumempisha muuza madafu anayeelekea Ukunda, vichala vimening'inia pande zote mbili za gurudumu la nyuma. Tumewapisha wanafunzi, wawili juu ya baiskeli moja, mmoja akikanyaga na mwenzake amebeba mikoba yote. Tumekutana na mchuuzi wa samaki aliyetoka Gazi kabla ya sisi kuamka, tenga limefungwa kwa mpira nyuma yake, naye hana muda wa salamu ndefu kwa sababu jua linapanda na samaki hawangoji.

Msafara wetu una sheria: mwenye mzigo hupita kwanza. Mgeni anayependa mwendo wa kasi huelezwa hivyo kabla ya kutoka, na akishamwona mtu mwenye kilo 100 anasukuma kwenye mchanga haulizi tena sababu. Yeye amekodi baiskeli kwa siku moja ya raha. Waliomzunguka wanazitumia njia hizi hizi kila siku ili wale na wasome. Nawaomba mlishike hilo, Waheshimiwa, kwa kuwa ndilo msingi wa barua hii. Njia nzuri ya mtalii na njia nzuri ya muuza maji ni njia moja. Mkiihifadhi kwa ajili ya mmoja mmeihifadhi kwa ajili ya wote wawili.

Muhaka tunapumzika. Kuna msitu wa kaya pale, mabaki ya msitu wa pwani uliofunika sehemu kubwa ya nchi hii zamani. Kando ya njia yuko mama wa mahamri na mbaazi, na fundi wa baiskeli chini ya mwembe mwenye beseni la maji, pampu, viraka na gundi. Msafara mkubwa haukosi pancha, maana miiba iko, na fundi huyo huizamisha tyubu kwenye beseni, akatafuta mapovu, akakwaruza, akapaka gundi, akaziba. Anayepata kazi hapo ni fundi wa kijiji, na anayeuza chai ya tangawizi ni mama wa kijiji. Mgeni aliyelipia kila kitu kwenye hoteli yake kabla hajapanda ndege anaweza kumaliza wiki mbili Diani bila shilingi yake moja kuvuka ukuta wa hoteli. Siku ya baiskeli inavuka: inafika kwa mama huyo, kwa fundi huyo, kwa kijana anayepanda mnazi kuangua madafu.

Mmeona wenyewe jinsi utalii wa ndani ya ukuta unavyoanguka. Mwaka 2014, nchi za kigeni zilipowaonya raia wao wasije pwani, mahoteli yalifunga milango na vijana wa Ukunda wakakaa barazani bila kazi. Mwaka 2020 korona ikayarudisha yaleyale. Mahali ambapo ajira za maelfu zimening'inia kwenye vyumba vya hoteli peke yake, jambo moja la mbali linatosha kuziangusha zote. Utalii unaopita vijijini unajengwa juu ya vitu vilivyokuwepo kabla ya mgeni na vitakavyobaki akiondoka: chakula, ufundi, misitu, njia.

Kutoka Muhaka inabidi tuvuke barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga. Hapo raha hukoma. Ni barabara ya mpakani. Mabasi ya Tanga na malori hupita kwa kasi, matatu hupita kwa kasi zaidi. Tunashuka, tunajipanga mstari mmoja, kiongozi mmoja anasimama upande huu na mwingine ng'ambo, tunavuka kwa mafungu. Sisi ni watu wazima, tuna fulana za kung'aa na tuna viongozi wawili. Mtoto wa darasa la nne anayevuka pale kwenda shule hana fulana wala kiongozi.

Diani imewahi kutatua jambo linalofanana na hili. Mbega walipokuwa wakigongwa na magari kwenye barabara ya ufuoni, shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa 1997, lilining'iniza ngazi juu ya barabara, na mpaka leo mbega, tumbili na kima hupita juu huku magari yakipita chini. Ni kazi njema na ninaiheshimu. Watu walikaa chini, wakatazama wanyama wanavukia wapi, wakaweka kivuko palepale. Naomba macho hayohayo yatazame watoto wetu wanavukia wapi.

Ng'ambo ya barabara tunaingia Kinondo. Kaya Kinondo ni mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Baiskeli zinabaki nje. Mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, huelezwa masharti, kisha huingia nyuma ya mwongozaji kutoka jamii yenyewe, na kiingilio chake kinarudi kijijini. Wengi huniambia baadaye kwamba hapo ndipo walipoelewa kuwa wako kwenye nchi ya watu, yenye wenyewe na yenye adabu zake. Nasema hili pia kwa sababu linahusu ombi langu. Zipo njia ndani na kandokando ya kaya ambazo si za kila mtu, na wazee wa kaya ndio wajuao ni zipi. Wapima ardhi watakapokuja waanze kwa kuwauliza wazee hao, na palipokatazwa pasichorwe.

Adhuhuri tunafika Gazi. Hapo Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui alikuwa na makao yake, kabla ya vita vyake na Waingereza vya 1895 na 1896 vilivyomalizika kwa yeye kuvuka kwenda upande wa Wajerumani. Leo Gazi inajulikana duniani kwa jambo jingine. Wanawake wa kijiji wamejenga ujia wa mbao kati ya mikoko. Tunatembea juu yake maji yakiingia na kutoka chini yetu, kisha tunakula wali wa nazi na samaki waliopikwa nao. Na hapo hapo uko mradi wa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni, ulioanzishwa mwaka 2013 ili kuuza hewa ya ukaa kwa kulinda hekta 117 za mikoko, wa kwanza wa aina yake duniani. Fedha zake zimeleta maji safi na zimesaidia shule. Mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Nawaomba mfikirie jinsi mradi huo ulivyowezekana. Mikoko ilikuwepo siku zote, na watu waliokuwa wakiitunza walikuwepo. Kilichobadilika ni kwamba msitu ulipimwa, mipaka ikaandikwa, na jamii ikatia sahihi mkataba na Shirika la Misitu la Kenya. Tangu siku hiyo mtu akikata mikoko pale anajulikana amekata mali ya nani. Msitu ulioandikwa ukaanza kulindwa, na ukilindwa ukaanza kulipa. Njia zetu zinangoja tendo hilohilo, nalo ni jepesi zaidi, kwa kuwa njia haihitaji kuotesha mche wala kuuza hewa. Inahitaji kuandikwa tu.

Sasa nieleze kinachotokea wakati wa kurudi.

Tukitoka Gazi tunataka kushika njia za ndani kupitia Mwabungo mpaka Galu na Diani. Kila msimu zinapungua. Ploti imeuzwa, mabikoni yamepandwa, kisha zinakuja nguzo na seng'enge, na baada ya muda ukuta wa mawe. Njia iliyopita katikati ya ploti ile inasukumwa pembeni. Jirani naye anauza, anajenga mpaka ukingoni, na ile ya pembeni nayo inakwisha. Hakuna aliyeamua kuifunga njia. Kila mmoja ameshughulikia kipande chake, na barabara ya kijiji kizima imekufa bila mtu wa kulaumiwa. Nimefika na msafara mzima mbele ya geti jipya, mlinzi akituambia kwa upole kwamba hana ruhusa ya kufungua, na nyuma yetu mchuuzi wa samaki mwenye tenga tupu akageuza baiskeli yake bila kusema neno. Sisi tulipoteza dakika chache za matembezi. Yeye aliongezewa safari ya kila siku kwa maisha yake yote.

Njia ya ndani ikifungwa, kinachobaki ni barabara kuu. Waendeshaji wanajibana ukingoni, lori linapita kulia, upepo wake unawayumbisha, na anayetumbukia changarawe hana pa kurudi. Mimi huwasimamisha wageni wangu, nikaita gari lije libebe baiskeli. Muuza madafu na mwanafunzi hawana gari la kuita. Kwa hiyo kila njia inayofungwa vijijini ni watu wanaosukumwa barabarani, na hesabu yake tunakuja kuilipa hospitalini Msambweni.

Njia za kuteremkia baharini zina hadithi hiyohiyo, ila yao ni ya zamani zaidi. Wavuvi wa Diani wanaweza kuwaonyesha mahali ambapo baba zao walipita na ngalawa mabegani, na leo pana ukuta. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 iliieleza nchi nzima jinsi ardhi ya umma, zikiwemo akiba za barabara, ilivyogawiwa kinyume cha sheria. Siandiki kufufua kesi za zamani. Naandika kwa sababu kinachoendelea sasa Bongwe, Muhaka na Mwabungo kinafanyika mchana, mbele ya macho yetu, na bado kinazuilika.

Tena kitaongezeka kasi. Barabara ya Dongo Kundu imeunganisha Miritini na Kibundani, na mtu anafika kusini ya pwani bila kungoja feri ya Likoni. Nimefurahi kama kila mtu. Lakini barabara ikifunguka bei ya ardhi hupanda, na bei ikipanda kila hatua ya njia inatamaniwa. Tuna miaka michache ya kufanya jambo hili kwa amani. Baada ya hapo litafanywa mahakamani, kipande kwa kipande, kwa gharama ambayo mwananchi wa kawaida hawezi kuibeba.

Waheshimiwa, pwani hii inajua vyema gharama ya kutoandikwa. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi katika ukanda wa pwani, ikawataka watu wajitokeze kudai ardhi zao. Wengi wa mababu zetu hawakujitokeza. Walikuwa na mashamba, makaburi na visima, lakini hawakuwa na karatasi, wala hawakuona sababu ya kwenda kumwambia mgeni kwamba kwao ni kwao. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Uskwota tunaouhangaikia hadi leo una mizizi pale. Njia zetu sasa ziko palepale mashamba yetu yalipokuwa 1908: kila mtu anazijua, na hazimo kwenye karatasi yoyote.

Safari hii, hata hivyo, serikali ni yetu na sheria ziko upande wetu. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti barabara za kaunti, utalii wa mashinani, upimaji na uchoraji wa ramani za ardhi, na hata mipaka na kuzungushia ua. Kazi hizo nne ziko mikononi mwenu, na ombi langu linazigusa zote. Sheria ya Ardhi ya 2012 imeweka utaratibu wa haki ya umma ya kupita, na inaruhusu serikali ya kaunti, au hata kundi la wananchi, kupeleka maombi kwa Tume ya Taifa ya Ardhi. Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka mtu anayegawa shamba lake kuwa ploti apate kibali cha kaunti kwanza. Kibali hicho ndicho mlango wenyewe. Mkikataa kukitoa mpaka mchoro uonyeshe njia iliyopo na upana wake, tatizo kubwa kuliko yote limekwisha bila kutumia mfuko wa maendeleo.

Haya yamefanywa kwingine. Uingereza mwaka 1949, nchi ikiwa bado inajikokota kutoka vitani, bunge lilipitisha sheria iliyoziagiza kaunti za huko zipime na kuchora ramani ya njia zote za umma za miguu na za farasi. Njia iliyoingia kwenye ramani ile ikawa ya umma hata kama inakatiza shamba la mtu, na mwenye shamba akabaki na shamba lake. Mwaka 1968 wakaruhusu baiskeli kwenye njia za farasi. Leo wageni husafiri kutoka mbali kwenda kutembea huko, na vijiji vinapata riziki. Haya ni yaleyale aliyotunyima mkoloni huku kwetu: kwao waliiandika njia ya mnyonge.

Najua majibu mtakayoletewa mezani, na ningependa kuyatangulia.

Mtaambiwa kwamba mwenye ardhi ana haki, na Katiba inailinda mali yake. Ni kweli, na sitaki mtu anyang'anywe. Njia ya miguu na baiskeli inahitaji upana wa mita mbili au tatu. Inaweza kuhamishiwa ukingoni mwa shamba kwa makubaliano, mradi iendelee upande wa pili. Ploti isiyo na njia haina thamani. Wauzaji wenyewe wanalijua hilo. Palipo na madhara ya kweli, sheria ina utaratibu wa fidia.

Mtaambiwa pia kwamba kaunti ina shida kubwa kuliko baiskeli: maji, dawa, madarasa. Mimi nawauliza, maji yanafika vipi nyumbani, mgonjwa anafikaje zahanati, mtoto anafikaje darasani? Kwa watu wengi wa Bongwe jibu ni njia hizi. Kujenga zahanati kisha kuacha njia yake izibwe ni kujenga nusu.

Na mtaambiwa kwamba misafara ya baiskeli ni michache, ni mambo ya wageni wachache. Leo ni michache. Lakini Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na watu wa ukanda huu wameona kwamba baiskeli ina heshima yake. Kwale ina kaya ya Urithi wa Dunia, mikoko iliyosifiwa duniani, Msikiti wa Kongo wa karne nyingi chini ya mibuyu, na vilima vya Shimba, vyote katika mwendo ambao mtu mwenye miguu ya kawaida anaweza kuumaliza. Sijui pwani nyingine ya Kenya yenye hazina hiyo katika eneo dogo kiasi hiki. Kinachoziunganisha ni njia.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, naomba mambo haya matano:

1. Wapima ardhi wa kaunti waanze na wadi za Gombato Bongwe, Kinondo na Ramisi. Waitishe baraza katika kila kijiji, watembee njia pamoja na wazee wa mtaa, wavuvi, wachuuzi, akina mama wachota maji, walimu na wazee wa kaya, na ramani ibandikwe hadharani kabla ya kupitishwa.

2. Kuanzia sasa kisitolewe kibali chochote cha kugawa shamba kuwa ploti bila mchoro kuonyesha njia inayotumika na kuihifadhi.

3. Njia za umma za kuteremkia baharini, kutoka Tiwi mpaka Msambweni, ziorodheshwe, ziwekewe vibao, na zilizozibwa kinyume cha sheria zifunguliwe.

4. Kaunti ikae na Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa ili barabara kuu ipate njia ya pembeni ya miguu na baiskeli kati ya Ukunda na Msambweni, na vivuko salama pale njia za vijiji zinapoikata, kuanzia penye shule.

5. Bunge la Kaunti litunge sheria inayoziita njia hizi mali ya umma, imtaje wa kuzitunza, na iweke adhabu kwa anayezifunga.

Kwa wenye mahoteli na wenzangu tunaoongoza misafara, nina neno pia. Tunakula matunda ya njia tusizozilipia. Basi tule chakula vijijini, tutengeneze baiskeli kwa mafundi wa vijiji, tuwafundishe wageni kusalimu na kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha, na hoteli iliyozungushia ukuta njia ya wavuvi iifungue yenyewe bila kungoja kushurutishwa. Hatuwezi kuidai kaunti haki huku sisi tunawanyima majirani heshima.

Waheshimiwa, sijaomba barabara mpya. Naomba zile zilizotengenezwa na wazee wetu kwa nyayo zao zitambuliwe na serikali ambayo wazee hao waliingoja kwa muda mrefu. Anzeni na Bongwe. Tupeni tarehe ya baraza la kwanza, nasi tutafika na watu wanaozijua njia hizi, tutatembea na wapima ardhi wenu kutoka mwanzo hadi mwisho, na pale watakapohitaji shahidi wa kusema njia hii imekuwepo tangu lini, watampata.

Ni mimi, mwananchi wenu mtiifu,
Mkazi wa Bongwe na mwongozaji wa misafara ya baiskeli,
Kaunti ya Kwale.